Gunia la Debe Nane

Ukifika Majengo, pale Mpanda, ukaomba kuonyeshwa Osward, utaulizwa kwanza: Osward yupi, yule wa mizigo? Ndiye huyo. Kwa miaka ishirini na mitatu ameishi kwa bega lake la kulia, na bega hilo limeshuka mpaka kila shati analovaa linaonekana limeshonwa na fundi mlevi. Mkewe alishachoka kumwambia anyooke. Yeye hujibu kwamba hapo alipo ndipo alipoishia kunyooka.

Alizaliwa Misunkumilo, akasoma mpaka darasa la saba, akalima kidogo, akachokana na jembe, akaingia mjini kubeba. Alianza na mabegi na magodoro ya abiria wa treni, kisha akahamia kwenye stoo za mahindi, ambako ndiko wanaume hujulikana. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nawaheshimu wahenga, lakini sidhani kama hata mmoja wao aliwahi kubeba lumbesa.

Lumbesa, kwa asiyeijua, ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha mdomo wenyewe ukavishwa kilemba cha wavu, na kilemba nacho kikajazwa. Gunia la haki ni kilo mia. La kilemba lina kilo anazozijua Mungu na mnunuzi. Limekatazwa mara nyingi, na kila likikatazwa hurudi limenenepa. Ila wabebaji wenyewe hawalitengi na mengine. Wao huhesabu gunia moja, mawili, matatu, na anayelalamika kwamba hili ni zito kuliko lile huchekwa mpaka jioni. Gunia ni gunia. Osward aliyasema maneno hayo alipokuwa kijana, na aliendelea kuyasema hata baada ya ujana kumuaga.

Mwenzake wa kazi alikuwa Polycarpe, mzaliwa wa makazi ya Katumba, mtoto wa watu waliotoka Burundi. Alikuwa mrefu, mpole, na alipiga mluzi wa nyimbo za kanisani hata akiwa na gunia mgongoni. Katika kazi ile hakuna anayejitwika mwenyewe. Wawili hushika pembe za gunia, humtwika wa tatu, naye huondoka. Siku moja, ikiwa zamu ya Polycarpe kutwikwa na gunia likiwa bado hewani, alisema, "Osward, hili limezidi." Osward akacheka, akamwambia gunia ni gunia, wakamtwika. Alipanda ubao wa lori hatua nne. Ya tano goti lilikataa, akaanguka, na gunia likamwangukia mgongoni.

Alilala kitandani Katumba miezi kumi na minane. Osward alimtembelea kila alipopata nafasi, akampelekea sukari na sabuni, wakazungumza mvua, mpira na bei ya mahindi. Lile gunia hawakulitaja hata siku moja. Polycarpe akafa wakati wa mavuno. Miaka tisa imepita sasa, na katika miaka yote hiyo Osward alikuwa hajamwambia mtu yeyote, hata mkewe, kwamba yeye ndiye aliyemtwika baada ya kuambiwa.

Huyo ndiye mtu aliyeingia dukani kwa Mama Angela, miaka mitatu iliyopita, Jumapili baada ya misa, akiwa na cherehani ya miguu begani. Mama Angela ni fundi nguo. Duka lilikuwa limefungwa kwa wateja, lakini ndani watu watatu walikuwa wameizunguka meza ya kukatia vitambaa. Mmoja alikuwa Mama Angela mwenyewe. Wa pili alikuwa Manyanda, muuza vipuri vya baiskeli, ambaye wazazi wake walihamia Katavi na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Wa tatu alikuwa Mwalimu Dafrosa wa Nsemulwa, anayefundisha jiografia sekondari. Mezani kulikuwa na karatasi, dadu mbili za ludo na vifungo vya nguo vya kila rangi. Walikuwa wakibishana mpagazi mmoja anabeba kiasi gani.

"Kilo ishirini," alisema Mama Angela.

"Mwanaume mzima?" alisema Manyanda. "Weka themanini, na kuku juu."

Osward alikuwa amepewa maji ya kunywa. Alicheka, yakampalia.

"Samahani, nyie mnapakia nini hapo?" aliuliza alipopata pumzi.

Ndipo Mwalimu akamweleza mchezo. Alijifunza chuoni, akapata kitabu cha sheria cha Kiingereza, akakitafsiri kwa mkono wake kwenye kaunta buku tatu. Mchezo hauna ubao wala mshindi. Mmoja husimulia nchi isiyokuwapo, yenye milima, mijusi inayosema na wafalme waliolaaniwa. Wengine kila mmoja ana shujaa wake, na husema shujaa huyo anafanya nini. Pale ambapo jambo linaweza kuwa au lisiwe, dadu huamua. Mashujaa wana wafuasi: wapagazi, mpishi, walinzi. Wafuasi hula, huchoka, huogopa, na wakitendewa vibaya hutoroka. Kila kinachobebwa kina uzito, na uzito una kikomo. Mwalimu alisema hizo ndizo kurasa ambazo wachezaji wengi huziruka, kwa sababu kila mtu anataka kuua joka na hakuna anayetaka kujua nani alibeba sufuria.

Osward alitaka kujua. Alikaa kwenye kigoda mpaka jua likashuka, na Jumapili iliyofuata akaja na daftari lake mwenyewe.

Alipewa shujaa, askari mwenye ngao aliyemwita Kabanzi, lakini moyo wake ulikuwa kwa wafuasi. Manyanda alikuwa mganga arushaye moto. Mama Angela, kiongozi wa sauti ya kwanza katika kwaya, alichagua kuwa mwizi, tena mwizi wa kutisha, jambo ambalo paroko hajaambiwa hadi leo. Wao wawili waliupenda utukufu. Osward ndiye aliyeandika wafuasi wanane kwa majina, yupi anaogopa maji, yupi hali samaki, nani amtangulie nani darajani. Wapagazi walikuwa sita, na kwa kitabu cha Mwalimu kila mmoja alibeba mwisho kilo hamsini. Hapo Osward alitikisa kichwa kwa heshima. Nusu gunia, alisema, hiyo ni halali.

Hakuwa na mchezo na kikomo hicho. Mara moja aliwalazimisha watupe mtoni sufuria ya shaba ya mfalme, kwa sababu ilizidisha kilo tatu. Manyanda aliomboleza sufuria ile mwezi mzima, akimwita Osward baba mkwe wa wapagazi.

Mpagazi wa sita Osward alimwita Polycarpe. Wenzake walidhani ni jina tu. Mpagazi huyo alipiga mluzi njiani, na kwa kuwa alitunzwa vizuri, utii wake ulifika kumi kwa kumi; hata msafara uliposhambuliwa na wengine wakakimbilia porini, yeye alibaki ameshika kamba ya punda. Dadu zilipomgeukia yeye, Osward hakuweza kuzitazama amekaa, alisimama. Msafara ulikuwa ukielekea Mji wa Chumvi, ng'ambo ya milima, na wengine walikwenda huko kwa ajili ya hazina. Osward hazina haikumhusu. Alitaka jambo moja, huyu Polycarpe afike salama. Ni jambo la kitoto kwa mtu wa miaka arobaini na saba, alijua hivyo, na alilitaka hivyo hivyo.

Basi ikafika Jumapili moja ya mwezi wa sita. Msafara ulikuwa umenunua mahindi kwenye soko la chini ya mlima, na sasa walikuwa siku ya pili wakipanda ngazi za mawe zisizo na ukingo. Njiani walikuwa wakila mihogo waliyoinunua pamoja na mahindi, magunia yenyewe hayakuwa yamefunguliwa. Katikati ya ngazi palikuwa na lango, na langoni alikaa bibi kizee mwenye macho ya mjusi. Mwalimu aliikwaruza sauti yake.

"Hapiti mtu hapa bila chakula cha siku thelathini. Mna nini?"

Osward alifungua daftari, kifua mbele.

"Shikamoo, bibi. Tuna magunia matatu ya mahindi, kila mpagazi nusu gunia. Jumla debe ishirini na nne."

Mwalimu aliandika, kisha kalamu ikasimama. Aliposema tena, akimwita Osward kwa jina la mwanawe, sauti ilikuwa yake ya darasani.

"Baba Glory, magunia matatu ni debe ishirini na nne?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa hiyo gunia moja debe nane."

"Ndiyo. Gunia la kawaida."

"La kawaida wapi?"

Osward alifungua mdomo ataje stoo, akaufunga. Debe la mahindi ni kilo kumi na nane, hilo hata mtoto wa Mpanda analijua. Mama Angela alichukua chaki yake ya kuchorea nguo, akapiga hesabu juu ya meza: debe nne kwa kila mtu, mara kumi na nane. Sabini na mbili.

Angekuwa Manyanda wangemcheka mpaka wachoke, maana mganga wake aliwahi kuficha jiwe la kusagia ndani ya blanketi. Lakini huyu alikuwa Osward, wa sufuria ya shaba. Wala hakudanganya. Alipoambiwa sokoni achague magunia, mkono wake uliandika gunia ambalo bega lake linalijua, lenye kilemba, na kichwani mwake likabaki kuwa gunia.

"Niliandika nusu gunia," alisema polepole. "Nusu gunia ni hamsini."

"La haki, ndiyo. Hili umewajazia."

"Mwalimu, tupunguze hapa hapa, maisha yaendelee," alisema Manyanda. "Ni mara ya kwanza."

Mwalimu alimtazama Osward, na ilionekana hakupenda alichokuwa anataka kukisema. "Wamepanda siku mbili na mzigo huo, na dadu zao hazikurushwa. Baba Glory, wewe ndiye uliyetufundisha kuziheshimu kurasa hizi. Uamue wewe."

Osward angeweza kusema tupunguze. Hakuna ambaye angemlaumu. Aliwaza hivyo, akaona aibu kwamba aliwaza, akazichukua dadu.

Sheria yenyewe ni nyepesi. Dadu mbili kwa kila aliyezidishiwa: nne kwenda juu amestahimili, tatu kushuka amevunjika. Alirusha kwa wa kwanza, akapata tisa. Wa pili sita, wa tatu saba, wa nne tano, wa tano kumi na moja. Kwa wa sita alisimama. Dadu ya kwanza ikaonyesha mbili. Ya pili ilizunguka kwenye ufa wa meza, ikalala kwenye moja.

"Goti limekataa," alisema Mwalimu kwa sauti ya chini. "Ameangukia ngazini, mzigo umemlalia. Yu hai. Kutembea hawezi."

Yeye hakujua alichokisema. Osward alikaa. Alitazama kile kifungo cha buluu kilichosimama badala ya Polycarpe.

"Kaka Osward," alisema Manyanda kwa upole, "si tutaajiri mwingine mjini? Wapagazi wapo kila soko. Tumwachie maji na blanketi."

"Hapana."

"Huyu ni kifungo, kaka."

"Alikuwa mtu," alisema Osward. "Polycarpe wa Katumba. Tulikuwa tunabeba wote."

Akawaambia. Hakupamba wala hakujitetea. Aliwaambia kuhusu pembe za gunia, kuhusu neno alilolisema mwenzake, kuhusu kicheko chake mwenyewe, hatua nne na ya tano. Aliwaambia miezi kumi na minane ya sukari na sabuni. "Mimi ndiye niliyemtwika," alisema. "Na leo nimemtwika tena, nikiwa na kalamu mkononi, hakuna hata tajiri wa kumsingizia."

Mama Angela alifuta macho kwa kipande cha kitenge. Manyanda akauliza, "Ndugu zake wanajua?"

"Hawajui."

"Hujawaambia?"

"Ningeanzaje?"

Manyanda alivuta karatasi ya mganga wake, akafuta mstari. "Niandikie debe mbili," alimwambia Mwalimu. Mganga akibeba kitu kizito hawezi kurusha moto, na yeye alilijua hilo kuliko wote. Mama Angela naye akachukua debe mbili, mwizi wake akawa hawezi tena kunyata. Yaliyobaki waliyapunguza kwenye migongo ya wapagazi mpaka kila mmoja akafika hamsini, na mahindi yaliyozidi wakamwachia bibi wa langoni. Chakula hakikutosha tena siku thelathini, lakini bibi aligeuza macho yake ya mjusi upande mwingine, na Mwalimu hakueleza kwa nini.

Akabaki Polycarpe. Kwa sheria, mtu mzima hubebwa na shujaa mwenye nguvu tu, tena aliyevua chuma chote. Osward hakuuliza maswali. Kabanzi aliweka ngao chini, akaweka upanga, akavua vazi la chuma alilolipigania mwaka mzima, akainama.

"Huko juu kuna ndege wa mawe," Mwalimu alimkumbusha. "Ngao yako ndiyo iliyokuwa iwakinge."

"Najua, Mwalimu."

Walipanda. Ndege walikuja mara tatu, na mara zote tatu Osward alirusha dadu akiwa amekaa, ametulia, kama mtu anayemenya viazi. Mara ya kwanza Kabanzi alipigwa begani. Mara ya pili alipigwa kichwani, na Mwalimu akamwambia kwamba akimtua mwenzake sasa hivi ataweza kukwepa na kuishi. Osward alisema hamtui. Mara ya tatu walikuwa ngazi ya mwisho. Kabanzi alimpitisha Polycarpe mikononi mwa mwizi wa Mama Angela, akaporomoka kurudi kwenye ukungu, na shujaa wa miaka mitatu akawa amekwisha.

Mwalimu alipiga mstari chini ya jina lake. Manyanda alisema Mungu amlaze pema, bila mzaha wowote. Osward alikikamata kile kifungo cha buluu, akakisogeza mpaka mwisho wa karatasi, upande wa pili wa mlima, akakiacha hapo. Kisha akaaga mapema kuliko siku zote.

Jumatatu hakwenda stoo. Alipanda pikipiki ya kukodi mpaka Katumba, mikono mitupu, kwa sababu alijua akibeba sukari ataikabidhi sukari na kurudi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na kila alipoyapanga yalivunjika kwenye shimo lililofuata.

Alimkuta Cyriaque, mdogo wake Polycarpe, uani, amekaa chini anapukuchua mahindi. Mama yao alishafariki, na kati ya waliomuuguza marehemu ni huyu aliyebaki. Walisalimiana vizuri, wakaulizana watoto. Cyriaque akamwita kaka mkubwa kama zamani, akamsogezea kigoda. Osward hakukikalia.

"Cyriaque, nimekuja kusema jambo nililopaswa kulisema zamani," alisema. "Siku ile Polycarpe aliniambia gunia limezidi. Nilimsikia. Nikacheka, nikamtwika."

Cyriaque aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki jeupe, akaliweka kando.

"Tunajua, kaka," alisema. "Alitueleza wiki ile ile ya kwanza. Mama alitaka kukuuliza, yeye akatukataza. Alisema ukiulizwa utaona haya, hutarudi tena. Na yeye alikuwa anataka uje."

Osward alikaa chini kwenye maganda ya mahindi, akalia mbele ya mtu mzima mwenzake bila kujifunika uso. Cyriaque hakumnyamazisha. Alimsogelea, akamshika bega, lile lililoshuka, akaendelea kulishika.